Kiti cha Mji na Mtu wa Kuja

Hoja iliyo mezani kwenye kipindi cha redio, ufukweni mwa Ziwa Mweru, upande wa Zambia: mhamiaji aliyejipatia jina kwa kazi ya habari anafaa kukabidhiwa mji.

MTANGAZAJI WA REDIO: Nianze na mtu mwenyewe, tusije tukabishania kivuli. Ahmed Aboutaleb alizaliwa mwaka 1961 Beni Sidel, kijiji cha milima ya Rif, kaskazini mwa Moroko. Baba yake alikuwa imamu. Alifika Uholanzi ana miaka 15, lugha ya wenyeji haijui. Akasomea mambo ya umeme na mawasiliano, halafu akaangukia kwenye habari: Veronica, redio ya NOS, kisha RTL. Baadaye akaingia serikalini, na tarehe 5 Januari 2009 akawa meya wa Rotterdam, mji wenye bandari kubwa kuliko zote za Ulaya. Kiti kile alikikalia hadi Oktoba 2024. Mtu wa kuja, tena mtu wa redio. Mimi nilivuka kutoka Pweto, Kongo, mwaka 2017 na mfuko wa nguo, nikakaa Kenani, nikahamishiwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, leo natangaza na mnanisikiliza. Nani ataniambia njia ile kwangu haipitiki?

MCHUUZI WA SAMAKI: Hakuna aliyekuzibia njia, mwanangu. Nauliza kitu kimoja tu: huyo Aboutaleb alipigiwa kura na nani?

MTANGAZAJI: Hakupigiwa. Uholanzi meya huteuliwa kwa amri ya Ufalme, baada ya baraza la mji kupendekeza jina.

MCHUUZI: Kumbe! Basi mfano bado hujatuletea. Umetuletea barua ya uteuzi.

DIWANI WA ZAMANI: Mama kamaliza. Kwetu, tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2016, mameya na wenyeviti wa mabaraza huchaguliwa na wananchi wenyewe, siku ileile ya kumchagua Rais. Wilaya yetu ya Nchelenge haina meya, ina mwenyekiti wa baraza, lakini karatasi ya kura ni ya kila mtu. Anayekitaka kiti hicho atapanda mtumbwi hadi Kisiwa cha Kilwa, atakaa kwenye mchanga na wavuvi waliokesha, atatukanwa na walevi, na kesho yake atarudi tena. Aliyeteuliwa hayajui hayo.

MTANGAZAJI: Matusi aliyajua, Mheshimiwa, pengine kuliko wewe. Rotterdam ni mji wa Pim Fortuyn, aliyeshinda uchaguzi wa baraza mwaka 2002 kwa hoja za kuwapinga wahamiaji, akauawa Mei mwaka huohuo. Chama chake, Leefbaar Rotterdam, kilikuwa bado na nguvu Aboutaleb alipoteuliwa. Mkuu wa chama hicho alimkabidhi bahasha ya kurudishia pasipoti yake kwa Mfalme wa Moroko. Kabla ya hapo, mwaka 2007, alipofanywa naibu waziri, Geert Wilders alilitaka bunge limkatae yeye pamoja na Nebahat Albayrak, mzaliwa wa Uturuki, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na uraia wa nchi mbili.

MVUVI: Na pasipoti akairudisha?

MTANGAZAJI: Hakuirudisha. Sheria ya Moroko haimwachii mtu wake kirahisi.

MVUVI: Basi aliyeleta bahasha alikuwa na hoja. Mshika mbili moja humponyoka.

MWALIMU MSTAAFU: Haya, tumpime mwingine kwa kipimo hichohicho. Boris Johnson mnamjua. Alizaliwa New York mwaka 1964. Kazi yake ilikuwa uandishi wa habari: Daily Telegraph, kisha mhariri wa Spectator. Mwaka 2008 akawa meya wa London, na huyu alipigiwa kura, Mama. Uraia wa Marekani alikuwa nao tangu kuzaliwa, na aliukana mwaka 2016. Niambieni, ni nani aliyempelekea bahasha ya kurudishia pasipoti Washington?

(Mwandishi anachomekea, maana jambo lenyewe ni tamu: babu wa baba yake Johnson, Ali Kemal, alikuwa mwanahabari wa Istanbul aliyepanda hadi kuwa waziri wa mambo ya ndani wa dola ya Waturuki, na mwaka 1922 akauawa na umati. Ukoo ule umeijua njia ya kutoka gazetini kwenda serikalini kwa vizazi, na umeijua bei yake.)

DIWANI: Mwalimu, hapo unatuzungusha. Johnson wazazi wake ni Waingereza. Kuzaliwa New York ilikuwa safari tu ya wazazi.

MWALIMU: Ndipo nilipotaka ufike. Kwa hiyo tunaloliuliza ni wazazi, wala si mahali pa kuzaliwa. Na hilo Zambia tulilijaribu. Kenneth Kaunda alizaliwa Lubwa, Chinsali, hapahapa nchini. Baba yake, David, alitoka Nyasaland, mhubiri na mwalimu. Mwana akatuongoza miaka 27. Mwaka 1996 Katiba ikabadilishwa: anayetaka urais sharti wazazi wake wote wawili wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Kila mtu alijua kamba ile ilisokotwa kwa ajili ya shingo ya nani. Mwaka 1999 jaji akafika mbali zaidi, akasema Kaunda si raia kabisa. Baba wa taifa hana taifa! Alipofariki Juni 2021 nikawaona watu walewale wakilia barabarani.

Na yupo aliyekataa. Simon Zukas alizaliwa Lithuania mwaka 1925, akaletwa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1938, bado mtoto. Alikua, akashika kalamu: yeye na wenzake wa Ndola walitoa kijarida cha kudai haki za Waafrika. Wakoloni wakamtia ndani, na mwaka 1952 wakamfukuza nchini. Akarudi baada ya uhuru, akafika kuwa waziri. Kile kifungu cha wazazi kilipopita mwaka 1996, akajiuzulu. Mhamiaji aliacha gari la serikali kwa ajili ya mtoto wa mhamiaji. Wazawa wangapi walijiuzulu siku ile?

DIWANI: Zukas hakuwahi kuwa meya.

MWALIMU: Hakuwahi. Lakini swali ni moyo wa mtu wa kuja uko wapi, nami nimekujibu.

MVUVI: Hayo ni ya Lusaka, Mwalimu. Mimi nazungumza ya maji. Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa upande wetu. Nyavu zinaning'inia, watoto wanakula kisamvu. Usiku nikisimama pale ufukweni naona taa za mitumbwi upande wa Kongo zimepangana kama mji. Samaki wangu, mpale, niliyemwacha azae, anaishia Pweto. Sasa mniwekee mwenyekiti ambaye wajomba zake ndio wenye zile taa. Nitamlalamikia kwa nani? Simchukii kijana huyu. Ila damu ni nzito kuliko maji, na maji yenyewe ndiyo tunayogombania.

MTANGAZAJI: Baba, ukitaka mtu aliyepimwa kwa damu, Aboutaleb alipimwa mara nyingi. Novemba 2004, Theo van Gogh, mtengeneza filamu, alichinjwa mtaani Amsterdam, na muuaji alikuwa kijana mwenye asili ya Moroko. Aboutaleb wakati huo yumo katika serikali ya jiji. Alikwenda msikitini, Al-Kabir, akasimama mbele ya Wamoroko wenzake akawaambia kwamba asiyekubali misingi ya nchi ile hana mahali pale, na afadhali aondoke. Aliwaambia ndani ya nyumba yao, viatu viko mlangoni. Machi 2017, waziri mmoja wa kike wa Uturuki aliingia kwa gari kwenda kuhutubia Waturuki wa Rotterdam wakati amekatazwa. Umati ukajaa na bendera mbele ya ubalozi mdogo. Meya akasimamia amri, waziri akasindikizwa usiku uleule hadi mpaka wa Ujerumani. Na Januari 2015, baada ya waandishi wa Charlie Hebdo kuuawa Paris, alisema kwenye televisheni, tena kwa lugha isiyo ya adabu, kwamba asiyeupenda uhuru wa nchi ile afunge virago aende zake.

MVUVI: Alisema hivyo? Mwislamu?

MTANGAZAJI: Alisema.

MVUVI: Huyo ningempa kura.

DIWANI: Hata mimi. Huyo ndiye kiongozi.

MWALIMU: Mmeona kilichotokea? Mmemkubali mgeni pale tu alipowafokea wageni. Mzawa akitaka kuonyesha kwamba anaipenda nchi, hupeperusha bendera, basi. Mtu wa kuja lazima amtoe ndugu yake. Kila bomu likilipuka mahali, kamera inamgeukia yeye: wewe unasemaje? Johnson ndiye aliyemsifu mno baada ya maneno yale ya 2015, akamwita shujaa wake. Lakini sijasikia kwamba Johnson mwenyewe aliwahi kutakiwa asimame kanisani awaambie Waingereza wabaya wahame.

DIWANI: Ndiyo gharama ya uongozi.

MWALIMU: Mbona analipa mmoja tu?

MTANGAZAJI: Niseme ukweli, japo unanipunguzia kura. Maneno yale ya 2015 nilipoyasikia mara ya kwanza niliyafurahia. Nikayasoma hewani. Jioni nikarudi Mantapala, nikamkuta bibi mmoja ninayemheshimu ameketi mlangoni na redio yake ndogo. Akaniuliza: hao wanaoambiwa wafunge virago, waende wapi? Nikamwambia wanaambiwa wahalifu. Akasema: mwanangu, sisi pia tulipokimbia kijijini kwetu kulikuwa na mtu anayesema hivyohivyo, na alianza na wahalifu. Sikuwa na jibu. Nikikaa kwenye kiti kile, najua siku ya kwanza mtaniambia nini. Mtaniambia: waambie watu wako wa Mantapala. Mwizi wa baiskeli akikamatwa, mtanitazama mimi.

MVUVI: Tutakutazama, ndiyo. Ungekuwa wewe usingetutazama?

MCHUUZI: Mnazunguka kwenye damu na pasipoti wakati mimi nimekaa juani na karai la chisense, dagaa wa ziwa letu. Naomba nizungumze kama mtu anayelipa ushuru. Huyu kijana sauti yake naijua kuliko ya mume wangu. Asubuhi anatuambia bei ya samaki Kashikishi, mchana anamhoji mganga wa wilaya juu ya malaria na kipindupindu, jioni anamkaba mtu wa serikali mpaka anakohoa. Tunacheka, tunampenda. Lakini redio ina jambo lake: unamsikia mtu, humwoni. Sijawahi kumwona akiinama kuokota taka sokoni. Sijui akidaiwa analipa au anajificha. Mimi nikigombea naye, nina nini? Karai. Yeye amefanya kampeni kila siku kwa umeme wa watu, na hakuna aliyeiita kampeni.

MTANGAZAJI: Mama, kipaza sauti hicho hicho ndicho nilichokupa wewe mwaka jana ulipolalamikia ushuru.

MCHUUZI: Ulinipa dakika mbili. Zako ni kutwa nzima.

DIWANI: Na niongeze hapo. Mwanahabari amefundishwa kuuliza. Anafika, anauliza kwa nini soko halina maji, anazima mashine yake, anakwenda zake. Mwenyekiti anabaki na swali lile mezani mpaka lioze. Mnajua Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo uliruka kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo mwaka 2022? Fedha zile zina fomu, zina kamati, zina zabuni, zina mkaguzi anayekuja miaka miwili baadaye na kukuuliza saruji mifuko 40 iko wapi. Pale maswali makali hayakusaidii. Unatakiwa uwe na faili.

MTANGAZAJI: Aboutaleb aliondoka redioni akawa msemaji wa wizara. Akaongoza taasisi ya mambo ya wahamiaji. Akawa mtumishi wa jiji, mjumbe wa serikali ya jiji Amsterdam, naibu waziri. Faili alizisoma.

DIWANI: Asante kwa kunisaidia. Kwa hiyo huyo si mwanahabari aliyekuwa meya. Ni ofisa wa serikali ambaye ujanani aliwahi kuwa mwanahabari. Wewe unataka kuruka kutoka studio hadi kwenye kiti, kisha unatuonyesha mtu aliyepanda ngazi yote.

MTANGAZAJI: Na ngazi yenyewe kwa mkimbizi iko wapi, Mheshimiwa? Nionyeshe hata hiyo ya kwanza, nitaipanda kesho. Siwezi kuajiriwa wizarani. Shule siruhusiwi kufundisha mpaka vyeti vya Lubumbashi vikubaliwe. Redioni ndiko walikonipokea, kwa kujitolea, kwa sababu nazungumza Kiswahili, Kibemba na Kifaransa na sidai mshahara. Ndiyo maana watu kama sisi mnatukuta kwenye habari. Hatukuichagua kwa utukufu wake.

(Mwandishi anaona hili ndilo neno zito kuliko yote yaliyosemwa mpaka hapa, na halikujibiwa.)

MWALIMU: Mnakwenda mbali mpaka Ulaya. Kaluta Amri Abedi, mnamjua? Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, ufukweni mwa Tanganyika. Ujiji ni kama hapa kwetu, mji wa watu waliovuka, Wamanyema kutoka Kongo wamejaa tele. Akawa mhubiri wa Ahmadiyya, madhehebu ambayo Waislamu wengi wa pwani hawakuyataka hata kuyasikia. Akawa mtu wa magazeti: alishughulika na lile la Mapenzi ya Mungu. Akawa mshairi, na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kikatoka mwaka 1954. Mwaka 1960 mji wa Dar es Salaam, pwani tupu, mji wa masharifu na masheikh wa Sunni, ukampata yeye kuwa meya wake wa kwanza Mwafrika. Baadaye Nyerere akamfanya waziri wa sheria. Alikufa Oktoba 1964, huko Bonn, miaka 40 tu. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake hadi leo, na vijana wanaingia pale kushangilia bila kumjua. Na tazameni jambo dogo: Aboutaleb naye ni mpenzi mkubwa wa mashairi, ya Kiarabu. Pengine mji unamtaka mtu ambaye...

DIWANI: Mwalimu, tafadhali usituingize kwenye mashairi. Amri Abedi alikuwa Mtanganyika. Kutoka Ujiji kwenda Dar ni kupanda treni, mpaka haukuvukwa.

MWALIMU: Mwaka 1960 mtu wa bara kuwa mkubwa wa watu wa Dar ulikuwa mpaka pia, hata kama haukuchorwa kwenye ramani.

DIWANI: Nakubali nusu. Ila hukutuambia kilichombeba. Alibebwa na TANU. Bila chama, mhariri wa gazeti la dini la watu wachache angepataje umeya wa Dar? Na Aboutaleb alibebwa na chama cha Labour cha Uholanzi. Si kipaza sauti, si mashairi. Chama. Kijana, wewe chama gani kitakubeba?

MCHUUZI: Na tiketi ya chama wanaitoa bei gani siku hizi, Mheshimiwa? Wewe ulikuwemo.

DIWANI: Hilo tusilifungue hapa.

MCHUUZI: Nilidhani leo tunafungua kila kitu.

MTANGAZAJI: Mama alitaka mtu wa kura. Ninaye. Zohran Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991, akaingia New York ana miaka saba, uraia wa Marekani akaupata 2018. Novemba 2025 watu wa New York walimpigia kura, na tarehe 1 Januari 2026 akaapishwa kuwa meya. Mtoto wa Kampala!

MCHUUZI: Huyo ni mwanahabari?

MTANGAZAJI: Hapana. Alikuwa akiwasaidia watu wasinyang'anywe nyumba zao kwa madeni.

MCHUUZI: Basi huyo ndiye wangu. Aliingia kwenye nyumba za watu. Hakuongea nao kutoka mbali.

MWALIMU: Wacheni nirudi nyumbani. Mwisho wa Julai nyote mnakuwa Mwansabombwe kwenye sherehe ya Mutomboko. Mwata Kazembe, mkuu wa Walunda, anacheza, upanga mkono mmoja na shoka mkono mwingine, mnapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Mnashangilia nini? Mnashangilia safari. Walunda kutoka kwa Mwata Yamvu, ng'ambo huko Kongo, wakavuka Luapula katika karne ya 18. Machifu wenu, Kanyembo na Kambwali, ni wa ukoo huohuo. Enzi ya bonde hili ni enzi ya watu waliovuka maji. Sasa kijana mmoja kavuka kutoka Pweto mnashtuka?

MVUVI: Mwalimu, hapo umeniamsha. Mimi ni Mushila. Kabla ya Walunda, ziwa hili lilikuwa la Nkuba, chifu wetu. Hao unaowasifu hawakuomba kura wala kibali, walikuja na mikuki. Ukimleta Kazembe kuwa mfano wa kumpokea mgeni, nami namleta huyohuyo kuwa mfano wa kwa nini mwenyeji hulala jicho moja likiwa wazi. Na Msiri je? Mnyamwezi, mfanyabiashara, alipokewa Katanga vizuri. Kesho yake ndiye mfalme wa Garenganze na wenyeji wanamlipa kodi.

MWALIMU: Na Wazungu ndio waliomuua Msiri mwaka 1891, si wenyeji.

MVUVI: Sikusema wenyeji walimuua. Nilisema walimlipa. Lakini acha niwe mkweli: Walunda walikuwa na akili moja. Kiti walichukua, ila matambiko ya ziwa na ya ardhi waliwaachia waliowakuta. Lunda alitawala, lakini kuhusu maji alikuja kumwuliza Mushila. Tuliishi.

MTANGAZAJI: Basi mimi natafuta hichohicho, Baba. Kiti, na ziwa libaki lenu.

MVUVI: Wa leo akichukua kiti anachukua na ushuru wa mtumbwi.

DIWANI: Kabla hamjagawana ziwa, niwasomee sheria, maana naona wote mnadhani kuna ukuta mahali pasipo na ukuta. Katiba yetu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema anayetaka udiwani awe na umri usiopungua miaka 19, awe na cheti cha darasa la 12, na awe raia au mwenye kibali cha ukaazi anayeishi katika wilaya. Raia au mwenye kibali.

MVUVI: Hata asiye raia?

DIWANI: Ndivyo ilivyoandikwa.

MVUVI: Na hukutuambia miaka yote hiyo?

DIWANI: Hamkuuliza.

MWALIMU: Yaani kwa Katiba hii babake Kaunda angefaa kuwa diwani, wakati ile ya 1996 ilisema mtoto wake hafai kuwa rais.

MTANGAZAJI: Msiniharakishie sherehe. Kibali cha ukimbizi si kibali cha ukaazi. Karatasi yangu inasema nimehifadhiwa. Haisemi nakaa. Uraia nao, Katiba inataka miaka 10 ya ukaazi kabla ya kuomba, na kuomba si kupewa. Hilo nilifundishwa na watu walionitangulia, wa ile kambi ya Kala, Kawambwa. Wapo waliokaa miaka, wakazaa, wakajifunza Kibemba mpaka wakasahau maneno ya kwao, kisha kambi ikafungwa.

MWALIMU: Nilifundisha watoto wao. Darasa la saba walikuwa wanaongoza.

MCHUUZI: Basi hoja yenu imekuwa ndogo. Kijana hawezi leo, labda ataweza baadaye. Mimi nataka kujua akiweza atafanya nini, maana sitaki kuishi miaka kumi nikimsubiri mtu mbaya.

MVUVI: Nimuulize mimi, ba mayo. Kijana, sikiliza. Umekuwa mwenyekiti. Ni tarehe 10 Desemba, ziwa limefungwa. Umeletewa mtumbwi umekamatwa na nyavu za matundu madogo, na mwenye mtumbwi ni mjomba wako wa Pweto. Analia, anakuita kwa jina lako la utotoni. Unafanyaje?

MTANGAZAJI: Nyavu zinachomwa.

MVUVI: Mbele yake?

MTANGAZAJI: Mbele yake.

MVUVI: Vizuri. Na wa pili ni mtumbwi wangu.

MTANGAZAJI: Moto uleule.

MVUVI: Basi kura yangu huipati.

MCHUUZI: Mimi ndiyo kwanza nimeanza kumfikiria.

DIWANI: Nyavu ni kazi ya Idara ya Uvuvi. Mwenyekiti wa baraza hana mamlaka ya kuchoma wavu wa mtu. Si niliwaambia? Hajui hata mipaka ya kiti anachokitaka.

MTANGAZAJI: Ni kweli, Mheshimiwa, hilo sikulijua. Na je, wewe uliyelijua, ulipokuwa barazani uliwahi kuwaandikia Idara ya Uvuvi barua juu ya zile taa anazoziona Baba usiku? Naomba ujibu, kipindi bado kina dakika nne.